George Marshall, ofisa aliyetaka jibu la shule lipingwe



Wengi wetu tuliosoma Historia sekondari tumewahi kulikariri jina la Marshall kwa ajili ya mtihani: Mpango wa Marshall, fedha za Marekani, Ulaya iliyobomolewa na vita. Mtihani ukiisha jina hilo huwekwa kando. Sisi pia tuliliweka kando, hadi likizo iliyopita tulipokuwa tukisoma juu ya namna majeshi yanavyolea viongozi wake, tukakutana naye tena, safari hii akiwa mwalimu. Tulishangaa. Jeshi ndilo mahali ambapo mtu hutegemea kukuta utii usiouliza, na kumbe alikuwapo ofisa mmoja mkimya, mkali, mwenye nidhamu ya chuma, aliyetumia karibu miaka mitano kuwazoesha maofisa wenzake kutoridhika na jibu walilopewa na shule.

Tumeona tumsimulie katika jarida letu kwa sababu sisi mafrateri tunajiandaa kuahidi utii mbele ya askofu, na wakati huohuo tunapelekwa darasani kusoma falsafa, somo lisilokwenda bila kuuliza. Mambo haya mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja? Waamini nao, katika jumuiya ndogondogo na katika halmashauri za parokia, wanalijua swali hilo kwa sura nyingine.

George Catlett Marshall alizaliwa tarehe 31 Desemba 1880 katika mji wa Uniontown, jimbo la Pennsylvania. Baba yake alifanya biashara ya makaa ya mawe, akafanikiwa, kisha akapoteza sehemu kubwa ya mali yake katika ununuzi wa ardhi. George hakuwa mwanafunzi mzuri. Alipoomba kwenda Chuo cha Kijeshi cha Virginia, alikokuwa amesoma kaka yake Stuart, alimsikia kaka huyo bila kukusudia akimsihi mama yao asimruhusu, kwani angeliaibisha jina la familia. Uzeeni alisimulia kwamba maneno yale yalimsukuma kuliko maneno ya mwalimu yeyote. Aliingia chuoni mwaka 1897. Wanafunzi wa madarasa ya juu walikuwa na desturi ya kuwatesa wageni. Walimchuchumalisha juu ya singe, naye akiwa bado dhaifu kwa homa ya matumbo, akateleza na kuumia. Hakuwataja waliomtenda hivyo. Alimaliza mwaka 1901 akiwa kiongozi wa wanafunzi wote.

Mwaka 1902 alifunga ndoa na Elizabeth Coles, ambaye wote walimwita Lily, na punde akapelekwa Ufilipino akiwa luteni wa miaka 21. Kisa kimoja cha huko katika kisiwa cha Mindoro kinafaa kusimuliwa. Alikuwa akiwaongoza askari wachache kuvuka mto, mmoja akapiga kelele kwamba kuna mamba. Askari walitimua mbio, wakamkanyaga luteni wao kwenye matope. (Sisi tuliokulia karibu na mito yenye mamba hatuwacheki.) Marshall alinyanyuka, nguo zimejaa tope, akawapanga mstari, akawaamuru wavuke mto kurudi walikotoka, kisha wageuke na kuvuka tena. Walipofika ng'ambo akakagua bunduki zao, basi. Hakumkaripia mtu. Tunakitanguliza kisa hiki ili msomaji asije akadhani kwamba mtu aliyependa mawazo mapya alikuwa mlegevu. Amri yake ilikuwa ya kutiiwa, hata kama kulikuwa na mamba.

Alipita shule ya maofisa ya Fort Leavenworth, akawa wa kwanza darasani, akabakizwa kufundisha hadi 1910. Miaka mingi ya cheo kidogo ikafuata, kama ilivyokuwa kwa maofisa wengi wa jeshi dogo la wakati wa amani.

Kisha vita kuu ya kwanza. Mwezi Oktoba 1917, huko Gondrecourt nchini Ufaransa, Jenerali John Pershing, kamanda wa majeshi ya Marekani barani Ulaya, alikuja kukagua mazoezi ya Divisheni ya 1. Hakupenda alichokiona. Akamkaripia mkuu wa divisheni, Jenerali William Sibert, mbele ya maofisa walio chini yake. Marshall aliona si haki. Pershing alipogeuka aende zake, ofisa huyu aliyekuwa chini yake kwa vyeo vingi alimshika mkono, akaanza kumweleza kwa haraka na kwa hasira shida zote za divisheni, zikiwemo zile zilizosababishwa na makao makuu ya Pershing mwenyewe. Wenzake waliosimama pale walimhurumia, wakaamini kazi yake imekwisha siku hiyo. Haikwisha. Tangu hapo, kila Pershing alipofika alimvuta kando na kumwuliza hali halisi ikoje, na baada ya vita akamfanya msaidizi wake kwa miaka mitano. Tunaposimuliana kisa hiki huwa tunamsifu Marshall kwa ujasiri. Sisi tunadhani Pershing naye anastahili nusu ya sifa. Angeweza kumwangamiza kwa barua moja.

Mwaka 1918 Marshall alishughulikia mpango wa kuwahamisha mamia ya maelfu ya askari kutoka Saint-Mihiel hadi Meuse-Argonne, usiku kwa usiku, katika muda wa wiki mbili hivi. Ilimpa jina kama mpangaji. Lakini alichokibeba moyoni kutoka Ufaransa ni picha ya vita jinsi ilivyo: habari hufika pungufu, ramani hupotea, kiongozi wa kikosi ana dakika chache tu, amechoka, amelowa, na lazima aamue.

Picha hiyo ilimrudia akiwa China, mjini Tientsin, alikotumikia na Rejimenti ya 15 ya askari wa miguu kuanzia 1924 hadi 1927. Katika zoezi moja alimkuta ofisa kijana amekwama. Alikuwa na askari wapatao 70 tu, na alitakiwa kuwazunguka adui, jambo ambalo lingeweza kuamriwa kwa sentensi mbili za mdomo. Yeye alikuwa akihangaika kuandika amri ndefu, yenye vifungu vyote kama alivyofundishwa, na eneo lililokuwa mbele yake halikufanana na mifano ya shuleni. Marshall alipouliza habari zake aligundua kwamba huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza katika darasa lake kwenye Shule ya Askari wa Miguu. Hakuwa mjinga. Alikuwa amefundishwa vibaya, tena amefundishwa sana. Marshall alijiambia kwamba akipata nafasi atakwenda katika shule ile.

Nafasi ilikuja kwa njia ya msiba. Mwaka 1927 alirudi Washington kufundisha katika chuo cha vita. Lily, aliyekuwa na maradhi ya moyo kwa miaka mingi, alifanyiwa upasuaji wa tezi, akaonekana anapona. Tarehe 15 Septemba, akiwa ameambiwa kwamba ataruhusiwa kurudi nyumbani, alifariki huku akimwandikia mama yake barua ya kumpa habari hizo. Marshall aliitwa kutoka darasani kwenda kupokea simu. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Wakubwa wake, kwa kumwonea huruma, walimpa nafasi ya kuchagua kazi, naye akachagua Fort Benning, katika jimbo la Georgia, awe msaidizi wa mkuu wa shule akisimamia taaluma yote. Alikaa hapo hadi 1932. Waliomwona siku za mwanzo walisema alikonda, na alifanya kazi kama mtu anayeogopa kukaa peke yake.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Shule aliyoikuta ilikuwa na utaratibu uliozoeleka. Mwanafunzi, ambaye mara nyingi alikuwa kapteni au luteni mwenye miaka kadhaa kazini, alipewa ramani safi yenye kila kilima na kila kijito, akapewa habari kamili za adui, akapewa saa za kutosha, kisha akaandika kurasa kadhaa za amri. Mwisho karatasi yake ililinganishwa na jibu lililoidhinishwa na shule. Aliyelikaribia jibu hilo alifaulu. Aliyekwenda mbali nalo alianguka, hata kama mpango wake ungewaokoa watu wengi zaidi.

Marshall hakuupindua utaratibu huo kwa kishindo. Aliwajua wakubwa wa Washington, na alijua kwamba akitangaza mageuzi yatazuiliwa kabla hayajaanza. Alibadilisha kidogo kidogo, somo kwa somo. Aliwakataza waalimu kusoma mihadhara kutoka kwenye karatasi. Aliyeshindwa kulieleza somo lake bila karatasi, alidhani, hajalielewa. Alizibadilisha ramani nzuri kwa ramani za nchi za kigeni au zilizopitwa na wakati, kwa sababu hizo ndizo ofisa atakazokuwa nazo vita ikianza. Habari za adui zikapunguzwa. Amri zikatakiwa ziwe fupi, nyingi kwa mdomo, katika lugha ambayo mwalimu wa shule au karani aliyeitwa jeshini jana angeielewa. Mazoezi yalivurugwa katikati kwa makusudi. Mara moja, baada ya kuwaendesha wanafunzi kwa farasi mwendo mrefu porini, aliwaambia wakae chini kila mmoja achore ramani ya eneo walilopita. Hakuwa amewaonya.

Na aliweka kanuni moja ambayo sisi tumeisoma mara tatu nne. Kama jibu la mwanafunzi linakwenda kinyume kabisa na jibu la shule, lakini linaonyesha kwamba amefikiri kwa akili yake mwenyewe, jibu hilo litangazwe kwa darasa zima. Si kwa kumcheka mwenye jibu. Darasa lilisikie na kulipima.

Hapa tukiri jambo. Katika shule moja tuliyopitia kabla ya kufika hapa, mwenzetu alijibu swali la insha kwa hoja yake. Hoja ilikuwa nzuri; sisi tuliomzunguka tuliisoma tukaelewa mada kuliko tulivyoielewa darasani. Alipata alama za chini kuliko sisi sote tuliomwaga notsi kama zilivyo. Mtihani uliofuata naye akamwaga notsi, akafaulu. Hatukumtetea. Tulinyamaza tukafurahia alama zetu. Tuliposoma juu ya kanuni ya Benning, huyo mwenzetu ndiye aliyetujia akilini, wala si jenerali yeyote.

Anayesoma falsafa anaweza kumkumbuka pia Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye katika Summa yake huanza kila swali kwa kuzipanga hoja za wanaopinga, tena kwa nguvu zake zote, ndipo alete jibu lake na kuzijibu moja moja. Hatusemi kwamba Marshall, Mkristo wa Kanisa la Kiepiskopali, alichota kwa Tomaso. Hatuna sababu ya kusema hivyo. Tunasema tu kwamba walezi wetu wanapotulazimisha kuitaja hoja ya mpinzani kwa haki kabla ya kuijibu, wanatupa kitu kilekile ambacho maofisa wale walipewa katika misitu ya misonobari ya Georgia.

Mageuzi hayakuishia kwenye masomo. Yalikuwa katika watu. Kuongoza idara ya mbinu za kivita alimleta Joseph Stilwell, waliyefahamiana Tientsin, mtu hodari na mwenye ulimi mchungu. Mwanafunzi mmoja alimchora akichomoza kutoka kwenye chupa ya siki. Stilwell akaibandika picha ile mwenyewe kwenye ubao wa matangazo, na jina la Joe wa Siki likamfuata hadi kaburini. Wapo waliomwomba Marshall amwondoe mtu huyo mgumu, akakataa. Omar Bradley, meja mpole mtoto wa mwalimu wa kijijini Missouri, alipewa idara ya silaha, na baadaye alikumbuka hasa jambo moja: Marshall akishampa mtu kazi hakumwingilia. Edwin Harding alisimamia uandishi wa kitabu cha visa vya vita vya kwanza, kilichotoka mwaka 1934 kwa jina la Infantry in Battle. Ndani yake mna simulizi za vikosi vidogo, vilivyoshinda na vilivyoshindwa, na mwelekeo wa kitabu kizima ni kwamba hakuna kanuni inayomwondolea kiongozi wajibu wa kuitazama hali iliyo mbele yake. Waalimu na wanafunzi wa miaka ile waliokuja kuwa majenerali katika vita kuu ya pili wanakadiriwa kufika 200.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeandika sifa tupu. Katika kambi hiyohiyo ya Benning ilikuwapo Rejimenti ya 24, ya askari weusi. Ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria Georgia na kanuni jeshini, na askari hao walitumika zaidi kwa kazi za mikono, wakiihudumia shule ambayo haikufikiria kuwafundisha. Marshall hakuligusa jambo hilo. Miaka kadhaa baadaye, mwezi Septemba 1941, alipokuwa kiongozi wa jeshi zima, mwanasheria mweusi William Hastie, mshauri wa Waziri wa Vita, alipeleka mapendekezo marefu ya kuanza kuondoa ubaguzi jeshini. Hilo lilikuwa jibu linalokwenda kinyume kabisa na jibu la shule, na lilikuwa limefikiriwa vizuri. Marshall alilikataa, kwa hoja kwamba si kazi ya jeshi kutatua suala la jamii ambalo taifa lenyewe limeshindwa kulitatua. Hastie alijiuzulu Januari 1943. Amri ya kukomesha ubaguzi jeshini ilitolewa na Rais Truman mwaka 1948. Sisi wasomaji Waafrika hatuwezi kulipita hili kimya, na wala hatuwezi kusema kwamba nyakati ndizo zilizomzuia kuona, maana aliyeona alikuwa amemwandikia.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1930 Marshall alioa tena, mjane aitwaye Katherine Brown mwenye watoto watatu, na Pershing akawa msimamizi wake. Baada ya Benning alitupwa huku na kule kwenye kambi ndogo, na cheo cha brigedia jenerali alikipata mwaka 1936, akiwa na miaka 55. Alidhani amechelewa.

Tarehe 14 Novemba 1938 aliitwa Ikulu pamoja na wakubwa wengine. Rais Roosevelt alieleza nia yake ya kujenga ndege za kivita 10,000, bila kutaja vizuri marubani, mafundi wala askari wa nchi kavu. Akamwuliza kila mmoja, kila mmoja akakubali. Alipofika kwa Marshall, akimwita kwa jina la kwanza kana kwamba ni marafiki wa zamani, Marshall alijibu kwamba samahani, yeye hakubaliani kabisa. Rais alishtuka na mkutano ukaisha. Walipotoka nje wenzake walimpa mkono wa kumuaga. Ni kisa cha Pershing tena, na mwisho wake ulikuwa uleule: mwaka uliofuata Roosevelt alimteua kuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu, akawaruka maofisa kadhaa waliomtangulia kwa daraja. Aliapishwa tarehe 1 Septemba 1939, siku ambayo Ujerumani iliivamia Poland. Jeshi alilokabidhiwa lilikuwa na askari chini ya 200,000. Lilipofika 1945 lilikuwa na zaidi ya milioni 8.

Ofisini aliendelea kuwa mwalimu wa Benning. Bradley alisimulia kwamba mwishoni mwa wiki yao ya kwanza pale, Marshall aliwaita yeye na wasaidizi wenzake, akawaambia amesikitishwa nao. Wakaogopa. Kosa lao lilikuwa kwamba wiki nzima hawakumpinga katika jambo hata moja, na haiwezekani kwamba yeye amekuwa sahihi wiki nzima. Msaidizi mwingine, Walter Bedell Smith, aliingia siku moja katikati ya kikao akiwa na habari za gari dogo la kijeshi ambalo mwuzaji wake alikuwa amekataliwa katika kila ofisi. Marshall akamwuliza yeye analionaje. Smith akasema anaona ni zuri. Basi, fanya, akaambiwa. Jeep ilikuja kuonekana katika kila medani ya vita ile, na hata kwenye barabara zetu.

Dwight Eisenhower hakuwahi kufundishwa na Marshall Benning, lakini alipewa mtihani wa Benning. Desemba 1941, wiki moja baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, aliripoti ofisini. Marshall alimweleza kwa dakika chache hali mbaya ya Pasifiki, akamwuliza tufanyeje. Eisenhower aliomba saa chache, akaenda kukaa kwenye meza yake, akarudi na jibu fupi. Marshall alikubaliana nalo. Akamwambia kwamba wizara imejaa watu wenye akili wanaoyachambua matatizo kisha wakamletea yeye ayaamue. Alihitaji watu watakaoamua, halafu wamweleze baadaye walichofanya.

Mazoezi makubwa ya Louisiana, Septemba 1941, yaliwakutanisha askari wapatao 400,000. Makosa yalikuwa mengi na magazeti yakayaona. Marshall alisema makosa ndiyo aliyoyafuata pale, kwani alitaka yafanyike Louisiana kuliko Ulaya. Lakini uvumilivu wake kwa makosa haukuwa uvumilivu kwa wasiojifunza. Makamanda wengi waliokuwa juu walipumzishwa, baadhi yao rafiki zake wa miaka 30, na wengine hawakumsamehe. Naye alikosea katika kuchagua. Lloyd Fredendall, aliyemwamini sana, ndiye aliyeamuru majeshi ya Marekani huko Kasserine, Tunisia, Februari 1943, akiwa kwenye makao yaliyochimbwa bondeni mbali na mstari wa mbele. Walipigwa vibaya, na Fredendall akaondolewa.

Na utii je? Mwaka 1942 Marshall alipinga kwa nguvu zote mpango wa kupeleka majeshi Afrika Kaskazini. Aliamini ungechelewesha uvamizi wa Ufaransa. Alitoa hoja Washington, akaenda kuzitoa London, akashindwa. Roosevelt aliamuru. Tangu amri ilipotoka, Marshall aliutekeleza mpango ule kana kwamba ni wake, wala hakuna aliyemsikia akinung'unika pembeni ili ukishindwa aonekane alisema. Sisi tunakiri kwamba hili linatushinda kuliko kusimama mbele ya Pershing. Kupinga kikaoni tunakuweza. Kutonung'unika bwenini baada ya Gombera kuamua, bado.

Desemba 1943 ukafika uchaguzi wa kamanda wa uvamizi wa Ufaransa, kazi ambayo kila askari wa kizazi kile angeitamani, na wengi walijua ni ya Marshall. Roosevelt alimwuliza anataka nini. Alikataa kusema, aliona si juu yake kutaja matakwa yake, Rais aamue linalofaa taifa. Rais akaamua abaki Washington, na kazi akapewa Eisenhower. Marshall aliuandika kwa mkono wake ujumbe wa uteuzi huo, na baadaye akamtumia Eisenhower karatasi ile aihifadhi kama kumbukumbu.

Miezi mitano baadaye, tarehe 29 Mei 1944, Allen Brown, mtoto mdogo wa Katherine, ambaye Marshall alimlea kama wake, aliuawa Italia akiongoza vifaru. Mwezi uliofuata Marshall alifika kwenye kaburi lake, kisha akakaa na askari waliokuwa naye, akiwauliza kila hatua kwenye ramani hadi akaelewa jinsi ilivyotokea.

Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje alitoa hotuba yake maarufu Harvard tarehe 5 Juni 1947. Tulioikariri shuleni tulijifunza kiasi, dola zipatazo bilioni 13. Hatukuambiwa kwamba hotuba ile haikuwa na mpango ndani yake. Marshall alisema Marekani itasaidia, lakini nchi za Ulaya zenyewe zikae pamoja ziseme zinahitaji nini na zitafanya nini. Nchi 16 zilikutana Paris na kuandaa jibu lao. Mwalimu wa Benning hakutoa jibu la shule.

Alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1953, na wapo waliolalamika kwamba askari kapewa tuzo ya amani. Alikataa kuandika kitabu cha maisha yake, ingawa angelipwa vizuri. Alifariki tarehe 16 Oktoba 1959, akazikwa Arlington, pamoja na Lily. Alikuwa ameacha maelekezo ya mazishi: yawe madogo, waalikwa wachache. Ibada ilikuwa fupi, na hakuna aliyesimama kumsifu marehemu, kwa kuwa alikuwa amekataza.